Taa ya injini ikikuwakia njiani: mwongozo kwa madereva wa Mtwara na Lindi

Julai iliyopita nilimfuata mama mdogo Ndanda, alikuwa ametoka hospitali, nimrudishe Mtwara. Asubuhi ile nilikuwa Masasi, nikaona bora nioshe gari kwanza. Kijana wa kuosha akaniuliza, "Kaka, na injini?" Nikamwambia osha. Tulipopita Nanganga, tukiwa tunapandisha, gari likaanza kukosa nguvu na kutetemeka, na ile taa ya njano yenye umbo la injini ikawa inapepesa.

"Mwanangu, hiyo taa mbona inawaka na kuzima?"

"Gari linamisi, mama. Ngoja tutafute pa kusimama."

Nitarudi kwenye habari ya siku ile. Madereva wengi ninaokutana nao barabara hizi za kusini, wakiiona chekinjini, yaani hiyo taa ya njano, ama wanaipuuza kwa sababu "inawaka tangu nilinunue gari", ama wanashtuka na kufunga breki hapohapo barabarani. Yote mawili yana hasara. Taa haikuambii kimeharibika kifaa gani. Hata fundi hajui mpaka apime. Ila ukiisoma vizuri inakuambia una muda gani: sekunde, dakika, au siku kadhaa. Kwetu huku, ambako kutoka gereji moja hadi nyingine unaweza kupita pori na mikorosho kwa muda mrefu, hilo ndilo la kujua kwanza.

Hatua ya 1: Angalia rangi, na kama inapepesa

Taa nyekundu maana yake simama sasa. Zinazohusu injini ni tatu: yenye umbo la birika la oili linalodondosha tone, yenye umbo la kipimajoto kilichozama kwenye maji, na yenye umbo la betri. Ya betri inakupa nafasi zaidi kidogo kuliko mbili za mwanzo, nitaeleza.

Taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, una muda. Ikipepesa, huna. Tofauti hiyo wengi hawaijui, na ndiyo inayounguza magari ya watu.

Neno moja kuhusu joto. Gari nyingi ndogo za Japani tunazoendesha, Passo na Vitz kwa mfano, hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima ikishapata moto. Hiyo haina shida. Ikirudi ikiwa nyekundu, injini imechemsha.

Hatua ya 2: Sikiliza gari huku ukiachia mafuta

Usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, kisha ndani ya sekunde chache jiulize: nguvu zimepungua? Linatetemeka? Kuna mlio wa chuma kugonga? Harufu ya kuungua, au ya mayai viza? Mvuke unatoka mbele? Yote ni hapana na taa ni ya njano isiyopepesa, endelea polepole mpaka mahali pazuri pa kusimama. Moja ikiwa ndiyo, washa taa za hazadi na utoke barabarani mapema.

Hatua ya 3: Chagua pa kusimama

Hapa nitakawia kidogo, maana nimeona watu wakiokoa injini na kuhatarisha roho zao.

Usisimame kwenye kona wala mara tu baada ya kilele cha mlima. Barabara ya Masasi kwenda Mtwara ina malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, na msimu wa korosho yanaongezeka malori ya magunia. Lori lililobeba mzigo likiteremka haliwezi kukukwepa kwa ghafla. Sogea hadi pale unapoonekana kutoka mbali pande zote mbili.

Usiegeshe juu ya nyasi kavu. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba au Desemba, nyasi za kandokando ya barabara ni kama petroli. Bomba la ekzosi la gari linalomisi, yaani ambalo silinda mojawapo haiunguzi mafuta, linakuwa na moto mkali kuliko kawaida, hasa pale kwenye masega, kile kichujio cha moshi, na masega yako chini kabisa, yanagusana na nyasi. Tafuta changarawe, udongo mtupu au lami ya pembeni.

Ukishasimama, vuta breki ya mkono na uzime injini. Weka reflekta ya pembetatu mbali nyuma ya gari, angalau hatua 50 ndefu, zaidi kama kuna mteremko. Matawi ya miti nayo weka, kila dereva wa huku anayaelewa, lakini usiku hayang'ai, kwa hiyo yasichukue nafasi ya reflekta. Na ukiondoka yaondoe. Abiria wote washuke wakae mbali na barabara, kivulini. Usiwaache watoto ndani ya gari.

Hatua ya 4: Fuata taa iliyowaka

Oili, nyekundu. Toka barabarani, simama na uzime injini mara moja, hata kama gari lilikuwa linatembea vizuri. Taa hii haipimi wingi wa oili, inapima presha yake, na presha ikipotea vyuma vinasagana vikavu. Dakika chache zinatosha injini kunoki, yaani kufa kabisa. Usijidanganye kwamba utafika Mtama.

Gari likiwa sehemu tambarare, subiri kama dakika 10 oili ishuke chini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Kisome kikiwa kimelala, usikisimamishe, oili isitiririke ikakudanganya. Kina alama mbili. Oili inatakiwa iwe kati yake, karibu na ya juu. Ikiwa chini ya alama ya chini, inama uangalie chini ya injini kama kuna tone au mchirizi mbichi, maana jiwe moja la barabara ya vumbi linaweza kutoboa sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kama hakuna uvujaji mkubwa, ongeza nusu lita, subiri, pima tena. Washa, taa ikizima ndani ya sekunde chache unaweza kwenda polepole kwa fundi. Kama oili ilikuwa sawa tangu mwanzo na taa bado inawaka, usiwashe tena. Lipandishwe au livutwe. Vilevile kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, na kila mzunguko wa injini unaongeza hasara.

Joto, nyekundu. Kama hakuna mvuke na unaona mahali pazuri pa kusimama mbele kidogo, zima AC, fungua vioo, washa hita mwisho kabisa. Utatokwa jasho, ila hita inanyonya joto kutoka kwenye injini. Mvuke ukionekana, zima na usimame.

Halafu usiguse kifuniko cha rejeta. Kile kifuniko kinabana presha, ndiyo maana maji yaliyomo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, presha inatoka, maji yanalipuka usoni mwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika bomba la juu la rejeta kwa mkono bila kuuondoa. Ndipo ufungue kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza, usikilize hewa itoke yote.

Maji ongeza kidogo kidogo. Maji baridi mengi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi, kichwa cha injini. Mabomba yasipovuja na feni ikizunguka, unaweza kusogea kwa mwendo mdogo huku ukikagua kila baada ya kilomita chache. Ukiona maji yanapungua tena mara moja, acha, huenda gasketi ya hedi imekufa.

Kwa wanaopanda Newala na Tandahimba: uwanda wa Makonde tunaujua kwa shida ya maji, na mlima wake ndio unaochemsha magari. Beba yako, lita 10 si nyingi. Na kwa wa pwani, maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi. Yatakufikisha, lakini usiyaache ndani; mwambie fundi ayamwage, asafishe na kuweka kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Betri, nyekundu. Alternata, kifaa kinachochaji betri, haichaji. Gari linaendelea kutembea kwa umeme uliobaki kwenye betri, na ukilizima huenda lisiwake tena. Zima AC, redio, chaja ya simu. Lakini kabla hujaamua kwenda, fungua boneti uone mkanda kama upo. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST, Raum, Probox na nyingine nyingi, mkanda uleule unaozungusha alternata unazungusha na pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri inatangulia, joto linafuata. Bila mkanda usiende popote. Mkanda ukiwepo na ni mchana, jikokote hadi mji wa karibu. Usiku taa kubwa zitaimaliza betri upesi, kwa hiyo lala mahali penye watu.

Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, msiwachoshe vijana. Na likivutwa, matairi yanayoendesha yanyanyuliwe. Gari ndogo nyingi zinaendeshwa na matairi ya mbele. Kulikokota kwa kamba kutoka Mchinga hadi Lindi kunaweza kukumalizia gia boksi.

Njano inayopepesa. Hapa tunarudi kwa mama mdogo. Injini inamisi vibaya: silinda mojawapo haiunguzi mafuta, petroli mbichi inapita mpaka kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega. Masega yanawiva mekundu, yanayeyuka, yanaziba. Ulichoharibikiwa nacho ni plagi moja, inayowasha mafuta ndani ya silinda, au koili moja, inayoipelekea plagi umeme. Ukiendelea na safari unaongeza masega.

Tulisimama kwenye changarawe, mama mdogo akakaa chini ya mkorosho. Injini ilipopoa nikataka kufungua koili, spana sina. Kijana wa bodaboda akasimama. "Shikamoo mama. Kaka, kuna shida gani?" Alikuwa na spana namba 10, ndiyo inayofungua koili za gari hizi. Tulichomoa soketi ya umeme kwa kubonyeza kilimi chake, tukalegeza boliti, tukavuta koili juu moja baada ya nyingine. Ya 1 na ya 2 zilikuwa kavu. Ya 3 ilitoka inang'aa maji. Nikamulika tochi ya simu ndani ya tundu: plagi imezama nusu, na pembeni maji yameanza kuwa na rangi ya kutu. Raba ya koili ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeme ulikuwa unatorokea hapo kwenye maji badala ya kufika kwenye ncha ya plagi.

Usifungue plagi maji yakiwa bado yamo, yatadondokea ndani ya silinda. Mama mdogo alitupa kipande cha kanga kuukuu, tukakizungushia kwenye bisibisi ndefu, tukanyonya maji mara tano sita mpaka kikatoka kikavu. Tukakausha raba, tukarudisha kila koili mahali pake. Gari likawaka likitetemeka kidogo, kisha likatulia, na taa ikaacha kupepesa. Ikabaki inawaka moja kwa moja. Tukaenda Nyangao, tukapumzika, tukafika Mtwara kwa mwendo wa 60. Raba nilibadilisha kesho yake.

Kwa hiyo: ikipepesa, achia mafuta, simama, zima. Kagua koili na soketi zake. Ukiwasha tena na bado inapepesa au gari linatetemeka, usiendelee. Na injini isioshwe kwa pampu ya presha. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Njano isiyopepesa. Kagua oili na maji kama nilivyoeleza. Angalia kama kuna bomba la hewa limechomoka kati ya boksi la ea klina na injini, jambo la kawaida baada ya matengenezo. Wapo watakaokuambia kaza kifuniko cha tanki la mafuta. Kaza, haidhuru, lakini sababu hiyo ni zaidi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Kwa gari lililotoka Japani usitegemee sana kwamba tatizo limeisha.

Kila kitu kikiwa sawa, unaweza kuendelea kwa upole: usikanyage sana, usizidishe mzigo, usishindane na mabasi. Umbali ndio wa kupima. Kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani na taa inawaka, sawa, nenda na urudi. Kutoka Lindi kuelekea Nangurukuru na taa inawaka, mimi siendi. Pori ni refu na kuna vipande simu haishiki. Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Pima kwanza, safari baadaye.

Hatua ya 5: Pima kwa mashine kabla ya kununua chochote

Chini ya usukani kuna tundu la pini 16. Mashine ikichomekwa hapo inasoma namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Zipo mashine ndogo zinazozungumza na simu kwa bluutuuthi, ila kwa baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hazisomi, inabidi mashine kubwa ya fundi.

Simama pale fundi anapopima. Piga picha namba zote kabla hajafuta. Fundi anayefuta namba na kukurudishia ufunguo ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria panado: homa inashuka, malaria iko palepale. Kuchomoa waya wa betri ili taa izime ni vivyo hivyo, tena kunafuta kumbukumbu ambazo zingemsaidia fundi mwingine.

Namba inataja sehemu yenye tatizo, haitaji kifaa cha kununua. P0301 ni silinda ya 1 inamisi, P0302 ya 2, hivyo hivyo. P0300 ni kumisi bila silinda maalumu, na hapo fikiria mafuta yenye maji kama taa imewaka muda mfupi baada ya kujaza, hasa kama ulijaza mafuta ya vidumu. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta: inaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Nimeona mtu akinunua sensa ya oksijeni kwa sababu ya P0171, taa ikarudi siku ya tatu, kumbe ni bomba la raba lenye ufa.

Kwa kumisi kuna kipimo kisicho na gharama. Mashine ikisema P0301, hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke ya 2, na ya 2 uilete ya 1. Futa namba, endesha kidogo, pima tena. Ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Angalia plagi, kisha nozeli inayomwaga mafuta. Huku kwetu hili lina maana kubwa, kwa sababu spea nyingi zinaagizwa Dar na kuja na basi, na iliyoagizwa kwa kubahatisha hairudishwi.

Kabla hujakubali kwamba sensa imekufa, mwombe fundi achomoe soketi yake uione ndani. Kwa gari linalolala karibu na bahari, Mikindani, Msimbati, Kilwa Masoko, pini zinashika ukungu wa kijani kwa sababu ya chumvi. Zikisafishwa, mara nyingi sensa inafufuka. Na gari lililokaa wiki kadhaa bila kutembea, kagua nyaya kama panya hawajazitafuna.

Vya kubeba

Spana namba 10 na 12, bisibisi ndefu, tochi, glovu au kitambaa kinene, oili lita 1 ya aina unayotumia, maji lita 10, reflekta, waya wa kushtulia betri. Namba ya fundi unayemwamini mmoja Mtwara, mmoja Masasi, mmoja Lindi. Polisi ni 112.

Kila asubuhi, kabla hujawasha

Zungusha ufunguo hatua moja tu bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili na ya betri zote zinatakiwa ziwake. Washa, zote zizime ndani ya sekunde chache. Kama ya injini haiwaki kabisa ufunguo ukiwa umefunguliwa, huenda kuna mtu ameing'oa balbu au ameikata ili asiione, na hapo unaendesha bila kujua chochote. Ukienda kununua gari la mkononi, anza na kipimo hicho kabla hujafungua boneti.

Mama mdogo siku hizi akipanda anainama aangalie dashibodi, akiona zimezima zote ndipo anafunga mkanda.